Picha Kifuani mwa Mtoto

Nguo ina kazi tatu. Kazi ya kwanza ni kuusitiri mwili na kuukinga na baridi, jua na mvua. Kazi ya pili ni kumpamba aliyeivaa. Kazi ya tatu, ambayo watu wachache huifikiri, ni kusema. Nguo husema bila ya ulimi. Sare uliyovaa, msomaji, yasema wewe ni mwanafunzi wa shule gani. Koti jeupe la daktari lasema kazi yake kabla hajafungua kinywa. Nguo nyeusi ya mfiwa yaeleza huzuni ambayo mwenyewe hana nguvu ya kuieleza.

Katika nchi zetu tuna nguo isemayo kwa maneno hasa, nayo ni leso, ambayo wengine huiita kanga. Mwanamke achaguapo leso hutazama rangi yake na mapambo yake, kisha husoma jina lake. Akitaka kumshukuru mamaye, jina lipo. Akitaka kumjibu jirani mwenye fitina bila ya kugombana naye, jina lipo pia. Kibera nako, katika mtaa wa Makina, wanawake wa Kinubi huvaa gurbaba, na vazi hilo lakumbusha asili ya wazee wao, askari waliokaa mahali hapo tangu mwanzo wa karne ya 20, wakati palipokuwa pangali msitu. Hata jina la Kibera limetokana na neno la Kinubi lenye maana hiyo hiyo ya msitu. Mwenye leso na mwenye gurbaba wajua nguo zao zasema nini.

Lakini iko nguo nyingine isemayo ambayo mvaaji wake hajui inasema nini, wala hakuulizwa kama ataka kusema. Nayo ni nguo ya mtoto wa miaka miwili yenye picha ya katuni kifuani. Habari ya nguo hiyo ndiyo nitakayo tuifikiri pamoja.

Nenda siku moja katika soko la Toi, ukingoni mwa Kibera, karibu na barabara ya Ngong. Soko hilo liliteketea katika machafuko ya mwanzo wa mwaka 2008, likajengwa tena kwa mikono ya wafanya biashara wenyewe. Huko marobota ya mitumba hufunguliwa, na nguo za watoto humwagwa juu ya meza kama mahindi uwanjani. Utaona fulana ya Mickey Mouse, panya aliyezaliwa katika filamu ya Marekani mwaka 1928. Utaona Spider-Man, aliyetokea mara ya kwanza katika gazeti la picha mwaka 1962. Utamwona nguruwe Peppa, aliyeanza kuonyeshwa Uingereza mwaka 2004, na binti wa barafu Elsa, wa filamu ya mwaka 2013. Wote wamelala chungu moja, wengine wamefifia kwa kufuliwa, wengine wangali wapya. Wamevaliwa na watoto wa mbali, watoto wale wamekua, na sasa nguo zatafuta kifua kingine.

Siku moja mwezi wa Juni nilisimama hapo, nikasikia watu watatu wakibishana juu ya fulana moja nyekundu yenye picha ya Spider-Man. Mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, aliishika akasema, "Hii ndiyo niitakayo. Watoto wa Kilimani wakivaa hizi, wangu avae gunia? Huyu naye ni mtoto kama watoto wa watu."

Baba mmoja aliyekuwa akichagua kando yake alicheka, akasema, "Mimi, mama, mwanangu si ubao wa matangazo. Mwenye picha hiyo akitaka kutangaziwa, na alipe."

Nyanya mmoja aliyekuwa ameketi juu ya ndoo alinyosha mkono, akaichukua ile fulana, akaifikicha kwa vidole. "Wanangu," akasema, "mwezi wa saba waja na baridi yake. Tazameni kitambaa. Hiki ni kizito. Picha haileti joto, wala haileti baridi."

Muuzaji alitaka shilingi 50. Na mtoto mwenyewe, ambaye shauri lote lilikuwa lake, alikuwa ameivuta ncha ya ile fulana na kuanza kuitafuna. Hakumjua Spider-Man. Alichokiona ni kitu chekundu.

Huenda ukasema kwamba huu ni ubishi wa sokoni, usiostahili kufikiriwa na mtu mwenye vitabu. Mimi naona sivyo. Maswali makubwa ya maisha mara nyingi huja yakiwa yamevaa nguo ndogo. Swali lililokuwa juu ya meza ile ni hili: Mtu mwenye uwezo amwamulie vipi yule asiyeweza kujiamulia? Mzazi humchagulia mtoto jina, lugha, chakula na mavazi. Je, katika kumchagulia huko, yuko huru kufanya kila apendalo? Natupime maneno ya kila mmoja wa watu wale watatu, kwani kila mmoja ameshika kipande cha ukweli.

Tuanze na mama. Ni rahisi kumlaumu kwa kupenda fahari, lakini lawama hiyo ni ya haraka. Umaskini una uchungu wa aina mbili: uchungu wa kukosa, na uchungu wa kuonekana umekosa. Wa kwanza huuma tumbo, wa pili huuma moyo. Kilimani iko ng'ambo tu ya barabara ya Ngong; mtu wa Kibera huvuka kila asubuhi kwenda kufua, kupika na kulinda katika nyumba za huko, na huona kwa macho yake watoto wa huko wavaavyo. Mama yule hakutaka mwanawe ajifunze, kabla hajajua kusema, kwamba vitu vizuri ni vya watoto wengine. Nani athubutu kusema kwamba haja hiyo ni mbaya? Hiyo ni haja ya heshima, na heshima si anasa.

Walakini maneno yake yana shimo ndani yake, na yafaa tulione. Mama huyo ataka kumkinga mwanawe na dharau, lakini kwa kufanya hivyo amekubali kipimo cha wenye kudharau. Amesema kwa matendo kwamba mtoto mwenye picha ametimia, na asiye na picha amepungua. Leo mwanawe amepata. Je, mtoto wa jirani ambaye mamaye hana hata hizo shilingi 50 atapimwa kwa kipimo gani? Heshima inayonunuliwa kwa kumshusha mwingine si heshima bado; ni zamu tu ya kudharau.

Sasa tumsikilize baba. Yeye asema kwamba picha ile ni tangazo, na neno lake lina ushahidi mwingi. Zamani, na hata leo, watoto wetu walikuwa na sungura wao wa ngano, mwerevu, mdogo wa mwili, aliyemshinda fisi na kumhadaa simba. Sungura huyo hana mwenyewe. Nyanya wa Kibera aweza kumsimulia usiku kucha bila ya kumlipa mtu. Uingereza nako alitokea sungura mwingine, Peter Rabbit, katika kitabu cha Beatrix Potter kilichotolewa mwaka 1902. Mwaka uliofuata, 1903, mwandishi huyo alimshona sungura wake kuwa mwanasesere, akaandikisha haki ya mwanasesere huyo serikalini. Hapo sungura akapata mwenyewe. Na baada ya mwaka 1930 kampuni ya Walt Disney ilipanua njia hiyo sana. Picha ya Mickey Mouse ikawekwa katika saa, vikombe na nguo.

Biashara hiyo huendeshwa hivi. Mwenye picha humpa mshonaji wa nguo ruhusa ya kuitumia, na mshonaji humlipa mrabaha, yaani sehemu ya fedha ya kila nguo iuzwayo. Mtoto akiivaa fulana, mtoto mwingine huiona na kuitaka. Akiipata, hutaka kuitazama filamu. Akiitazama filamu, hutaka kikombe, mkoba na viatu. Hivyo filamu huuza nguo, na nguo huuza filamu. Fulana ifikapo Toi, mwenye picha amekwisha kula faida yake zamani, lakini tangazo halijesha kazi. Mtoto wa Kibera hulitembeza mitaani bure, asubuhi hata jioni. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa kitu hakijiuzi wala hakijitembezi. Hutembezwa na asiyejua kutembea vema.

Wala tusidhani kwamba picha hizo hazina nguvu juu ya mtoto. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitangaza habari ya jaribio lao kwa watoto 40 wa umri wa miaka 4 hadi 6. Kila mtoto alionjeshwa chakula kile kile mara mbili, mara moja kutoka katika pakiti tupu, na mara moja kutoka katika pakiti iliyobandikwa picha ya katuni maarufu. Chakula kilikuwa kimoja, lakini watoto wengi walisema cha pakiti yenye picha ni kitamu zaidi. Nguvu hiyo ilionekana zaidi katika vitafunio vitamu kuliko katika karoti, na hilo nalo lina fundisho lake. Kabla ya hapo, mwaka 2004, chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilieleza kwamba watoto wasiopata umri wa miaka 8 hawana uwezo wa kutambua kuwa tangazo limekusudiwa kuwashawishi. Huliamini kama waaminivyo neno la mzazi. Kwa sababu kama hizo nchi ya Sweden imekataza, tangu mwaka 1991, matangazo ya televisheni yanayowalenga watoto wasiofika miaka 12. Kumshawishi mtu awezaye kukataa ni biashara. Kumshawishi asiyejua kwamba anashawishiwa ni jambo jingine.

Hapo msomaji mwepesi atasema shauri limekwisha, baba ameshinda. Ngoja kidogo. Leso tulizozisifu mwanzoni nazo zilipitia mikononi mwa wafanya biashara. Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla, alianza duka lake Mombasa mwaka 1887, na leso zake zilikuwa na alama isemayo "Mali ya Abdulla". Wanawake waliojifunga leso hizo walilitembeza jina la mwenye duka, wala hakuna aliyesema wamedhulumiwa. Kwa hiyo alama ya mfanya biashara juu ya nguo si dhambi yenyewe. Tofauti iko wapi? Mwanamke aliijua alama, akaijua bei, akachagua jina alipendalo, na leso nyingine angeweza kuiacha dukani. Mtoto wa miaka miwili hana hata moja katika hayo. Kosa, kama kosa lipo, haliko katika picha; liko katika namna tunavyomtumia asiyeweza kukataa.

Na hapo ndipo baba naye anapoponyoka. Wako wazazi wanaowakataza watoto wao kila nguo yenye picha. Wengine hufanya hivyo kwa ajili ya dini, kwa kuwa hawapendi sanamu za viumbe, nao wana njia yao iliyo wazi. Lakini wako wengine wafanyao hivyo ili waonekane. Huwavika watoto wao nguo tupu za rangi ya vumbi, kisha hupita nao barabarani wakingoja mtu aulize, ili wapate kueleza jinsi walivyo na busara kuliko majirani. Mtoto wa namna hiyo naye ni ubao wa matangazo. Picha kifuani hana, lakini ametundikwa maoni ya babaye. Ikiwa ni vibaya kumfanya mtoto kuwa tangazo la kampuni ya ng'ambo, si vema kumfanya tangazo la fahari ya mzazi, hata kama fahari hiyo yajiita hekima.

Tumebakiwa na nyanya na kitambaa chake. Neno lake ndilo lililo karibu zaidi na mwili wa mtoto, na kwa hiyo ndilo la kushikwa kwanza. Mtoto asikiapo baridi hahitaji hoja. Lakini nyanya naye alisema picha haileti joto, na katika hilo naona hakusema yote. Mtoto akifika miaka mitatu au minne huanza kuwa na vipenzi vyake. Ukimpa fulana ya kiumbe akipendacho, hulala nayo, na furaha yake ni ya kweli, haikununuliwa na mtu. Furaha ya mtoto nayo ni haja ya mtoto. Mzazi aihesabuye kuwa upuuzi amesahau utoto wake mwenyewe.

Basi tuseme nini? Lugha yetu ina neno moja ambalo naona latosha, nalo ni amana. Mali ya amana si yako, ingawa i mkononi mwako. Wailinda kwa faida ya mwenyewe, na siku ataka­poidai utaitoa ikiwa nzima. Mtoto ni amana. Tena ni amana ya ajabu, kwa kuwa mwenye kuidai ni yeye mwenyewe, siku atakapokuwa mtu mzima na kuuliza: ulipokuwa na uwezo wote juu yangu, na mimi sikuwa na neno, ulinifanyia nini? Mwili wake, kifua chake, macho yake na matamanio yake vyote vimo katika amana hiyo. Mshika amana hakatazwi kuipamba. Hukatazwa kuitumia kwa faida yake.

Kwa hiyo mzazi asimamapo mbele ya meza ya Toi, swali la kujiuliza si kama fulana ina picha au haina. Swali ni hili: Ninayemvika hapa ni nani, mtoto au mimi? Akiwa anamvika mtoto, atatazama kwanza uzito wa kitambaa, kisha ukubwa wa nguo, kisha furaha ya mtoto, na picha ikiwapo iwepo. Nguo nzito ya shilingi 50 yenye picha ni bora kuliko nguo nyepesi isiyo nayo, na mtu mwenye akili hataiacha kwa ajili ya ubishi. Lakini akiwa anajivika mwenyewe kwa mwili wa mtoto, atakopa kwa simu ili anunue nguo mpya ya dukani kwa ajili ya picha tu, kisha deni litalipwa kwa maziwa ya mtoto yule yule. Hapo mtoto amelipa bei ya nguo ambayo hakuitaka, ili watu wamsifu mwingine. Hiyo ndiyo hiana ya amana, na hufanywa na wazazi wapendao watoto wao kwa moyo wote, jambo linalotupasa kuogopa zaidi.

Tena liko deni la pili ambalo mzazi hawezi kulilipa kwa fedha. Picha kifuani ni hadithi iliyokatwa ulimi. Mtoto huiona bila ya kuisikia. Ikiwa nyumbani hakuna asimuliaye, picha itakuwa mwalimu wa peke yake, na mtoto atakua akijua mashujaa wenye wenyewe tu. Lakini mtoto asimuliwaye habari za sungura na fisi, aimbiwaye kwa Kiluo, Kikuyu, Kiluhya, Kikamba au Kinubi, huyo aweza kuvaa Spider-Man mchana na usiku, wala asipotee. Siku hizi hata katika televisheni na simu wamo wahusika wa kwetu. Akili, binti wa miaka minne akaaye chini ya mlima Kilimanjaro, ameundwa na watu wa Dar es Salaam, na huzungumza na watoto kwa Kiswahili. Si lazima kumfukuza mgeni kifuani. Ni lazima mwenyeji awemo moyoni.

Nawe, msomaji, usifikiri kwamba habari hii ni ya wazazi pekee. Kifua chako mwenyewe kimeandikwa nini siku za mapumziko? Je, ile fulana ya timu ya Ulaya yenye jina la kampuni ya watu, uliichagua, au ilikuchagua? Wewe una umri wa kuuliza, na mtu mwenye umri wa kuuliza asiyeuliza amejirudisha utotoni kwa hiari yake. Kadhalika shuleni huvaa sare, nayo yafuta tofauti za fedha kwa muda wa saa chache. Tazama katika saa hizo jinsi mnavyopimana: kwa ukweli, kwa bidii, kwa ucheshi, kwa ushujaa uwanjani. Vipimo hivyo vilikuwapo siku zote. Nguo ndizo zilizovifunika.

Mwishowe, wengi wenu mna wadogo zenu nyumbani, na wengine huwavika wenyewe kila asubuhi kabla ya kuja shuleni. Uwezo huo mdogo ni mwanzo wa uwezo mkubwa. Leo jioni ukirudi Gatwekera, Laini Saba au kwingineko ukaako, mdogo wako atakukimbilia mlangoni na fulana yake, yenye picha au isiyo na picha. Mtazame uso kwanza, fulana baadaye. Na ukitaka kumsifu, msifu yeye.